Ndoo Yangu Ilivyozima Jiko la Wapangaji

Nzuguni, Dodoma

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kifua kimetulia na baridi ya huko Njombe imepungua. Mimi mwili ni mzima, ila nina aibu, na sina mwingine wa kumweleza.

Unajua hapa tunapikia gesi ya samadi. Kila mpangaji hutenga maganda na mabaki ya chakula, tunayamwaga kwenye shimo la gesi pamoja na kinyesi cha ng'ombe wa mama mwenye nyumba, na gesi inakuja jikoni. Chupa za plastiki tunawawekea wanaoziokota. Hata kazini, ofisi ya kata, mimi karani ndiye ninayewasomea wananchi maelekezo ya kutenganisha taka.

Sasa Mama, wenzangu wa ofisini walipoanza kunitembelea, niliona haya ndoo yangu ya maganda kunuka mbele yao. Nikaimwagia dawa ya kusafishia choo. Harufu ikaisha, nikawa nafanya hivyo kila siku, na yote yakaenda shimoni.

Moto ukafifia, kisha ukazimika kabisa. Fundi akasema kuna kitu kimeua vijidudu vinavyotengeneza gesi. Mama mwenye nyumba akamgeukia Mama Zawadi, mpangaji mwenzetu anayefulia watu nguo.

"Ni maji yako ya sabuni hayo. Hama, ukafulie kwingine."

"Haki ya Mungu, dada, sijamwaga hata kikombe."

Nilikuwa nimesimama palepale na sufuria mkononi. Nikanyamaza, nikiogopa habari isije ikafika ofisini.

Nilipomwona anakunja magodoro ya watoto, ndipo nikasema kwamba ni dawa yangu. Mama mwenye nyumba akasema, "Ng'ombe wangu hawanyi dawa ya choo, karani. Ukawasomee na hilo." Wapangaji wakacheka. "Na wa kuombwa radhi si mimi."

Mama Zawadi hakuhama. Nilimwomba radhi mbele ya wote. Akajibu, "Nimesikia," akaendelea kupepea mkaa. Siku hizi kabla ya kwenda kazini nachota samadi mbichi ya ziada kwa wafugaji wa jirani ili shimo lianze upya. Gesi bado. Salamu zangu Mama Zawadi anaitikia, lakini zamani aliniita mwanangu. Sasa ananiita karani, kama wengine.

Nisalimie Shangazi Tekla anayetutunzia kuku, na mdogo wangu Elia wa sekondari. Baba mdogo naye msalimie, ila barua hii usimsomee. Najua anavyonisifu kanisani, na kwa sasa sifa hizo zinaniumiza.

Uniombee, Mama.

Mwanao,
Rehema