Saa Sita Mara Mbili

Jumatatu, 5 Mei
Umeme hakuna, chai imepoa, na Baraka kaanza tena. Hataki matawi. Eti ofisi ina watu watatu tu, kwa nini kila mtu ajifungie na tawi lake, nakala yake ya programu, wiki mbili ndipo tuunganishe? Tuunganishe kila siku, anasema, vipande vidogo vidogo. Nimemchorea ubaoni kwa mara ya nne: tawi kuu, tawi la majaribio, tawi la kila mmoja. Kampuni kubwa zinafanya hivyo. Akauliza kama kampuni kubwa ziko hapa Kilakala. Rehema akacheka, akajifanya anakohoa. Watu hawa wamenichosha.

Jumatano, 7 Mei
Meseji ya kwanza ya mfumo wetu imekwenda leo kwa wakulima wa mboga wa mlimani. Imewaambia gari la mboga litapita saa 7. Gari limepita saa moja asubuhi, kama siku zote. Kompyuta inahesabu saa za Kizungu na hakuna aliyekumbuka kuzigeuza. Waswahili watatu! Bahati dereva kapiga honi, wakatoka mbio. Mama Koleta, katibu wao, kapiga simu. Nimemwahidi nitarekebisha mwenyewe. Kikundi chake ndicho mteja wetu pekee.

Jumatatu, 12 Mei
Nimerekebisha. Toa saa sita, basi. Mistari mitatu. Kwenye tawi langu inasoma saa 1, safi kabisa. Baraka sijamwambia, hatuongei vizuri tangu siku ya ubao. Rehema kakagua. Kila badiliko lazima likaguliwe na mwingine kabla ya kuunganishwa, sheria yangu hiyo. Kaandika kama anavyoandika siku zote: "Shikamoo kaka. Iko safi." Angalau mmoja ana adabu.

Jumanne, 13 Mei
Tumeunganisha matawi yote. Kompyuta haikuona mgongano hata mmoja kati ya kazi zetu. Nimemtazama Baraka kwa makusudi. Nimempigia Mama Koleta kumwambia tatizo limekwisha.

Jumatano, 14 Mei
Saa 7. Tena!

Tuliwaambia tumerekebisha, wakatuamini. Wameshuka na matenga ya saladi mchana, jua la utosi, gari limeshafika mjini zamani. Saladi imenyauka yote, wamewapa mbuzi. Mama Koleta hakupiga kelele. Angepiga ningepata nafuu. Kasema tu, "Baba, huku tunashuka na mzigo kichwani. Wiki ijayo tunawajaribu mara moja tu. Mkikosea, tunarudi kupigiana simu wenyewe."

Alhamisi, 15 Mei
Nimelipata kosa. Baraka naye alirekebisha! Kwenye tawi lake, faili jingine, kimya kimya, maana naye haongei na mimi. Yeye katoa saa sita, mimi nimetoa saa sita. Saa imezunguka duara zima, imerudi palepale. Tawi lake peke yake linasoma saa 1. Langu peke yake linasoma saa 1. Tukiwa pamoja, wajinga wawili.

Kilichonimaliza ni Rehema. Alikagua kazi zote mbili, yangu na ya Baraka. Aliona. Nikamuuliza mbona hukuandika? Kaangalia meza.

"Kaka, nitakuandikiaje kwamba umekosea na wote wanasoma? Wewe mkubwa wangu."

Nina miaka arobaini na mbili, yeye ishirini na tatu. Nimekasirika mpaka nikaanza kutafuta wa kumkasirikia. Baraka hafai, Rehema hafai. Nimebaki mimi. Nilimweka binti wa watu anikague, halafu nikazipokea shikamoo zake kana kwamba ndiyo ukaguzi.

Ijumaa, 16 Mei
Nimefuta ubao. Baraka kashinda na anajua kashinda, anapiga mluzi, ananiudhi. Tumebaki na tawi kuu moja. Kila mtu anaunganisha kazi yake kila siku kabla ya kwenda nyumbani. Rekebisho langu la saa limeondolewa, la Baraka limebaki. Na mkaguzi akiandika "iko safi" bila hata swali moja, ukaguzi wake haupokelewi. Rehema kauliza, hata kwa kaka? Nikamwambia hasa kwa kaka. Hakuonekana kuniamini.

Jumatano, 21 Mei
Ukungu mlimani tangu alfajiri. Meseji zilisema saa 1. Saa mbili kasoro robo Mama Koleta kapiga. Gari limepita, mzigo umeondoka. Hakusema ahsante, kakata simu. Nimekunywa chai ikiwa ya moto.

Mchana nimetuma badiliko dogo. Jibu la Rehema limekuja baada ya muda mrefu, wote tunasoma.

"Shikamoo kaka. Hapana. Mstari wa nne umekosea."

Nimeuangalia mstari wa nne. Kweli. Nimemwandikia marahaba, nikaurekebisha.