Ua Lililopinda

Mjukuu wangu Neema,

Huku Mugango tumeamka salama. Babu yako goti linamsumbua, lakini dagaa anaanika mwenyewe.

Umeniuliza kwa nini nikikosea kushona ua kwenye kadi sifumui. Nilikuwaga nafumua. Dada yangu Nyanjura aliolewa kisiwani Rukuba, akaugua baada ya kujifungua. Nikamshonea kadi ya pole, yenye waridi la utepe mwekundu. Likapinda, nikafumua. Kitambaa ukikifumua matundu hujiziba, karatasi haijizibi. Kadi ikachanika, nikaanza nyingine. Mwenye mtumbwi wa kwenda Rukuba akaniita, "Binti, lete hiyo kadi, naondoka."

Nikamjibu, "Bado haijapendeza, nitaituma kesho."

Kesho yake mtumbwi huohuo ulimrudisha Nyanjura, amefunikwa shuka. Mumewe alituambia kila mtumbwi ukifika Nyanjura aliulizaga kama kuna neno kutoka nyumbani.

Waridi la kadi ya pili lilikuwa limenyooka kabisa. Nilimwekea kadi kifuani, tukamzika nayo.

Ndani ya bahasha hii kuna kadi yako. Ua limepinda upande wa kushoto, macho yangu ndiyo hayo tena. Nimeituma leo.

Bibi yako