Salamu Niliyoshindwa Kumpa Fundi

Jumanne, Buhongwa

Na bado Masunga, mwenzangu wa kazi, ananicheka. Mwezi mzima nimejifunza Kihispania hapo kiwanda cha samaki. Kila ninachogusa nakitaja: barafu hielo, samaki pescado, kisu cuchillo. Ya jana nayarudia kabla ya kuongeza mapya. Simu ndiyo mwalimu, mimi niliyeishia darasa la sita.

Leo fundi Mhispania wa mashine za barafu alikuja kuchagua msaidizi. Kwa kazi hiyo ningemleta mke wangu na watoto kutoka Kasulu.

Kumbe fundi ana mvi kama baba. Simu ilisema "hola" ni kwa kila mtu, lakini mdomo uligoma. Mzee humrushii salamu ya rika lako. Nikainamisha kichwa, nikitafuta shikamoo yao. Sikuipata.

Masunga, asiyejua neno la tatu, akapaza sauti: "Hola, amigo!" Yaani rafiki, kwa mzee! Mzee akacheka, akampa mkono, akaondoka naye awe msaidizi wake.

Jioni Masunga akanitania, "We Muha, heshima utaila na ugali?"

Mke wangu atapiga simu kuuliza. Nitamwambia tutaendelea kuishi mbalimbali kwa sababu nilimheshimu mzee ambaye hakuhitaji heshima yangu?