Sahani ya Bi Haruko

Mansfield, Jumatatu

Mama mpendwa,

Salamu kutoka kwenye joto la Texas. Jana nilimpikia Bi Haruko, yule mjane Mjapani aliyenipangisha chumba, ugali na sukuma wiki. Akamaliza. Nawe ulinifundisha kwamba sahani ya mgeni haikai tupu, basi nikamwongezea. Akamaliza tena, nikaongeza tena, mpaka jasho likamtoka.

“Binti yangu, nihurumie,” akasema. “Kwetu kubakiza chakula ni kumtukana mpishi!”

Tulicheka hadi akalegeza mshipi.

Leo anapika yeye, na ameshanionya: “Ukimaliza, nitakuongezea kama Mkenya. Ukibakiza, umenitukana kama Mjapani.”

Ananiita mezani. Niombee, Mama. Nakukumbatia sasa, kabla tumbo halijanizuia.

Mwanao,
Nyambura