Betri Uliyoiacha Mezani

Baba Minza,

Betri yako imekamilika. Nimeona nikuambie mwenyewe, kama huko uliko mnapata habari za hapa nyumbani Songwa.

Tulipokuzika, mama yako alitaka itupwe. "Mayu, mama yangu, kitoe hiki kitu ndani. Kazi ya marehemu haimaliziwi na mjane." Nikaifunika kanga, nikaiacha palepale mezani. Ningeitupaje? Ulirudi kutoka machimbo ya Geita na vumbi la mawe kifuani, na hii ndiyo kazi pekee uliyoiweza ukiwa umekaa: kukusanya seli za betri za kompyuta mbovu, kuzipima, kuziunga. Moshi wa kulehemu ulipokushinda nikashika mimi chuma, wewe ukanielekeza kutoka kitandani. Pumzi ilipokuwa haitoshi maneno, ulikohoa mara mbili. Maana yake: acha, umekosea.

Ilibaki kuunga bodi tu, ile inayoilinda betri isijae kupita kiasi wala kuisha kabisa. Ulisema ikikamilika itazungusha mota ya cherehani, miguu yangu iliyovimba ipumzike. Halafu ukaondoka. Mpaka leo nikifika hapo kalamu inasimama.

Juzi, baada ya misa ya kukuombea, nikaifunua. Gundi ya mkanda ulioufungia seli bado ina alama ya kidole gumba chako. Niliweka changu juu yake, nikakiondoa haraka, kana kwamba ni moto.

Nikaanza ulivyonifundisha: waya mwembamba mweusi kwenye hasi, kisha zile nyekundu moja moja, kila kundi la seli na waya wake. Ilikuwa mchana, jua kali, Minza yuko shule, mama yako uani anapepeta mtama. Nilipomaliza nikashika plagi nyeupe yenye ncha za nyaya hizo zote niichomeke kwenye bodi.

Nikakusikia ukikohoa. Mara mbili. Nyuma yangu, upande wa kitanda.

Sikugeuka. Niliogopa kukuona, Baba Minza, na niliogopa kutokukuona. Nikaiweka plagi chini polepole, nikachukua mita ya kupimia umeme. Namba zilipaswa kupanda waya kwa waya. Ya tatu ilikuwa ndogo kuliko ya pili. Nilikuwa nimepishanisha nyaya mbili! Ningechomeka, bodi ingeungua, pengine na seli, pengine na nyumba.

Ndipo nikageuka. Kitanda kimetandikwa, shuka halina hata mkunjo.

Mama yako alikuwa amesimama mlangoni na ungo wake. "Nani anakohoa humo?"

"Hakuna mtu, mama."

Akakitazama kitanda. "Mwanangu anasemaje?"

Nikamwambia, "Anasema nimekosea waya."

Akaketi kizingitini, ungo mapajani. "Basi rekebisha. Nipo hapa."

Nikabadilisha, nikapima, nikapima tena. Namba zikapanda. Nikachomeka. Bodi haikutoa umeme, nikadhani nimeiua, mpaka nikakumbuka ulivyosema kwamba bodi mpya huwa imelala, huamshwa kwa kuigusisha chaja. Nikaigusisha, ikaamka. Nikaiunga na mota, na cherehani ilipoanza kuzunguka yenyewe, mama yako alifunika mdomo kwa kiganja. "Wabeja, mwanangu," akasema. Sijui alimshukuru nani kati yetu wawili.

Tangu siku ile hujasikika. Nyumba imetulia kwa namna inayonitisha kuliko kile kikohozi. Nasimamisha cherehani katikati ya mshono, nasikiliza. Mama yako naye, namwona, anaacha kupepeta. Hatuulizani.

Lakini najua kifua kile kilivyokutesa. Sitaki uendelee kukibeba huko kwa sababu mimi sijajifunza vizuri. Minza ameomba nimfundishe, naye ana mkono mtulivu kama wako. Nakuahidi, kitu cha kwanza atakachojua ni kupima kabla ya kuchomeka.

Nenda sasa, mume wangu. Mungu akupe pumzi uliyoikosa hapa. Ukimya huu nitauzoea.

Mkeo,
Mama Minza