Mstari Mwembamba Mbele ya Geti la Mama

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe, wifi yangu na watoto. Natumaini hamjambo nyote, na kwamba kile kikohozi cha wifi kimeshamwachia. Sisi huku hatujambo. Mama ni mzima, isipokuwa magoti, ambayo siku hizi yanamwamsha kabla jogoo wa jirani hajawika. Mimi nami ni mzima wa mwili. Ya moyoni utayasoma huko chini, maana ndiyo yaliyonikalisha hapa mezani. Ningekupigia simu, lakini wewe hukatiza watu, nami nikikatizwa katika jambo hili nitalia, na nikilia hutasikia neno.

Ujumbe wako niliupata. Unasema umeshaaga kazini, wifi ameanza kufunga vyombo, na fundi ataanza kuchimba msingi wa nyumba yenu nyuma ya nyumba ya mama mwezi ujao. Unasema pia kwamba kila ukimpigia mama simu kumweleza habari za msingi, yeye anakuuliza habari za mvua, na ukataka kujua kama amebadili mawazo, kama hataki tena mje mkae naye. Kaka, futa kabisa wazo hilo. Hakuna kitu mama anachokitaka kuliko kukuona unarudi nyumbani. Ila nakuomba kwa heshima zote, mzuie fundi. Asichimbe. Soma mpaka mwisho, halafu kama ni kunifokea utanifokea.

Kazi yangu unaifahamu, ingawa mama ameutangazia mtaa mzima kwamba mimi ni injinia. Mimi ni mchora ramani tu katika ofisi ya mipango miji. Mji huu umefura, kaka, hutauamini. Ule uwanja tuliokuwa tunacheza hadi mama atuite kwa fimbo, leo una maghorofa mpaka pembeni. Basi wakubwa wakaamua zichaguliwe mapema njia za mabasi makubwa, yale yatakayopita peke yake bila kugombana na magari mengine. Hazitajengwa leo wala kesho. Wanazungumzia miaka ishirini, pengine zaidi. Lakini ardhi inatengwa sasa, kwa sababu ukichelewa watu wanajenga, na kuja kubomoa baadaye ni vita. Njia ikishapitishwa, aliye ndani yake anaruhusiwa kukaa, kufagia na kupaka rangi, ila haongezi hata tofali moja. Kibali cha ujenzi hapewi, awe nani.

Sikuandikii haya kuisema vibaya kazi yenyewe. Naiamini mpaka leo. Watu wanaamka alfajiri na bado wanachelewa kazini, na bila kutenga njia hizo watoto wako watateseka kuliko sisi. Ndiyo maana inaniuma zaidi, kwa kuwa hata wa kumlaani simpati.

Kwa upande wetu kulikuwa na njia mbili za kuchagua. Moja ilipita bondeni, nyuma ya viwanda vya zamani, na nyingine ilipanda kwa mtaa wetu. Zote mbili nilizichora mimi. Sasa kuna jambo moja la ofisini ambalo mtu wa nje hawezi kulijua. Katika mikutano ya kwanza na wananchi, mstari tunauchora mwembamba kama uzi. Si kwa hila, maana upana unakuwa bado haujaamuliwa, na bosi wetu husema kwamba ukichora upana wote watu wanapandwa na presha na hakuna anayesikiliza tena. Ndivyo nilivyofundishwa. Nimewachorea watu wa mitaa mingine mistari myembamba miaka yote hii, na kusema kweli nilikuwa nalala vizuri tu.

Mkutano wetu ulifanyika katika ukumbi wa shule. Ramani zilitandazwa mezani, na kila aliyeingia alipewa stika moja ya kijani aibandike pale anapotaka njia ipite. Mimi ndiye niliyekuwa nazigawa. Mama alikuja na mtaa mzima nyuma yake, yule mshonaji wa jirani, kinyozi, mwalimu mstaafu na yule mzee tuliyekuwa tunamwita Redio kwa kuwa hazimiki. Mama alivaa nguo yake ya kutokea. Alipita meza hadi meza akiwaambia hata wasiomjua kwamba huyo anayegawa stika ndiye kitinda mimba wake, na kwamba ramani zote hizo ni mkono wake. Nami, kaka, kichwa kikavimba. Nilisimama pale najiona mtu.

Aliiona nyumba yetu haraka kuliko nilivyodhani, kwa ile kona ya barabara. Akauona na mstari wa bluu ukipita mbele ya geti lake, mwembamba, mzuri, kwenye barabara ile ile tunayoijua. Alifurahi mpaka akapiga makofi. Alisema sasa atakwenda hospitali amekaa kwenye kiti kama binadamu wengine, badala ya kubembeleza lifti. Akawaambia jirani zake wote wabandike hapo hapo wamuunge mkono mtoto wao, na Redio akalirudia tangazo hilo mara tatu kwa sauti ya kufika barabarani. Nilipoitazama ramani baadaye, mtaa wetu ulikuwa umejaa madoa ya kijani kama mtoto mwenye tetekuwanga.

Mimi nilijua. Nilijua kwamba mabasi yale, na vituo vyake, na njia za waenda kwa miguu, vinataka mita thelathini, na kwamba barabara yetu haifiki hata theluthi ya hapo. Nilijua zilizobaki zitatoka wapi. Nilifungua mdomo niwaambie, nikamwona mama anavyocheka, nikaufunga, nikaendelea kugawa stika. Watumishi haturuhusiwi kuwashawishi wananchi wachague huku au kule, nami nikajiambia kwamba ninafuata kanuni. Kanuni ilinipa pa kujificha, basi. Kueleza upana wa njia si kushawishi, na bosi mwenyewe aliniambia hivyo baadaye, kwa upole, wakati haisaidii kitu.

Njia ya mtaa wetu ndiyo iliyopita. Wahandisi walikuwa na sababu zao, bondeni kuna maji maji na udongo wake hauaminiki, lakini taarifa ilipotoka sababu ya kwanza iliyoandikwa ni kwamba wakazi wenyewe wameridhia. Nilikwenda kwa bosi nikamweleza jinsi mambo yalivyokuwa. Si mtu mbaya, alinisikiliza hadi mwisho. Akasema hakuna mtaa ambao hautasema hivyo hivyo, na kwamba madiwani wameshapitisha. Nimeandika pingamizi kama mkazi wa kawaida. Limepokelewa. Usiliwekee tumaini.

Wiki iliyopita wapimaji walikuja kusimika vigingi. Mama aliwatengea chai kwenye sinia, maana kwake wale walikuwa wageni wangu. Mmoja wao akapita getini, akapita uani, akaizunguka nyumba, akaenda na kigingi chake hadi ule ukuta wa nyuma kabisa. Mama alimfuata akimwambia kwa huruma kwamba amepotea njia, barabara iko kule nje. Yule kijana akachuchumaa, akamweleza taratibu kwamba barabara ni hapa, kuanzia nyumba za ng'ambo hadi ukuta huu, pamoja na nyumba na kile kiwanja chako. Mama akamjibu kwamba amesikia, na kwamba akanywe chai kwanza isije ikapoa. Haya nimesimuliwa na mshonaji. Mama mwenyewe hajanisimulia.

Kwa hiyo akikuuliza habari za mvua, usimchukie. Hajui aanzie wapi.

Sasa kaka, lipo lililobaki, na nimelizunguka karatasi nzima. Kanuni ilikuwa mtu mmoja stika moja. Mama alipokwisha kubandika yake, alirudi mezani kwangu akaomba nyingine, akasema ni yako. Alinieleza kwamba wewe unarudi, nawe ni mtu wa mtaa huu, na kwamba wajukuu wake watahitaji basi la kuwapeleka shule. Nilipaswa kumkatalia. Badala yake nilicheka, nikatazama kama bosi ananiona, nikaibandua kwenye karatasi yake kwa kucha zangu na kumpa. Akaniuliza aiweke wapi hasa. Nikamwonyesha kwa kidole, nyuma ya nyumba, pale mnapotaka kujenga. Akaikandamiza kwa dole gumba mpaka akaridhika. Ulipiga kura, kaka, na hukujua, na mimi ndiye niliyekuonyesha pa kuipigia.

Jumapili tulikaa naye jikoni. Nilitamani anigombeze, hata anitukane, ningepumua. Hakunigombeza. Aliniuliza tu kama ile stika yako inaweza kubanduliwa. Alisema yake ibaki, yeye ni mzee, mabasi yakija hatakuwepo, lakini ya mwanawe itolewe. Nilimwambia haibanduki, mama, mambo yameshapita. Akasugua goti. Halafu akasema basi nikuandikie mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyempa.

Njooni hivyo hivyo, kaka, kama bado mna moyo wa kuja. Kulala ndani hakukatazwi, na chumba chetu cha zamani kipo. Ukiona huwezi, au ukiona huwezi kunitazama, nitaelewa, ila kwa mama usikawie kupiga simu, na usitaje msingi.

Msalimie wifi, na watoto uwabusu kwa niaba yangu. Mama hajanituma salamu. Ameona haya.

Ni mimi, mdogo wako.