Nywele Zilizotangulia Msiba

Kegonga, 9 Julai 1966. Ni mwaka wa thelathini na mbili tangu nitoke Magunga.

Mwanangu Zadock,

Mahindi yanakomaa. Huku ugenini Kijaluo nakizungumza na ng'ombe tu.

Unasema nywele zinakutoka ukiwa na miaka ishirini na mitatu, na wazee wameanza kukusema. Mimi zilinitoka hivyo hivyo. Tulipomzika baba, yaani babu yako, wana wote walinyolewa kwa desturi ya msiba. Kwangu hapakuwa na cha kunyoa. Shangazi yako Filister akasema, “Huyu alijinyoa mapema. Alijua mzee atakufa.” Wakanishuku kifo chake, nikaondoka.

Daktari wa hapa amenieleza kuwa ni urithi na homoni za kiume, si laana. Wasomee hayo, usiondoke.

Unasema wamenisamehe. Sikuwa na kosa la kusamehewa, kwa hiyo sitarudi.

Baba yako mdogo,
Javan